Wastani wa mvua haulimi shamba

Mwaka 1947 matrekta ya Waingereza yalianza kung'oa vichaka vya Kongwa, katikati ya Tanganyika, ili zipandwe karanga. Uingereza ilikuwa imetoka vitani ikiwa na uhaba wa mafuta ya kula, na wapangaji wake walikuwa wamechora kwenye karatasi mashamba ya zaidi ya ekari milioni 3. Timu iliyotumwa kukagua nchi ilizunguka kwa wiki chache tu. Januari 1951 mradi ukafutwa, huku takriban pauni milioni 36 zikiwa zimeteketea.

Tukiusimulia mkasa huo hupenda kutaja matrekta mabovu na mizizi iliyovunja majembe. Vyote hivyo vilikuwapo. Lakini udongo wa Kongwa ukikauka hukamaa, karanga zikawa hazing'oleki, na mvua ilikata wakati mimea bado inaihitaji. Wagogo waliolima uwele na mtama eneo hilo waliijua tabia hiyo ya mvua kwa kuishi nayo. Kumbukumbu za maandishi zilikuwa haba mno kwa mradi wa ukubwa ule, na hakuna aliyesubiri zikusanywe.

Leo kumbukumbu hizo tunazo. Kinachonisumbua ni kwamba bado tunapanga kilimo na maji kwa namba moja: wastani wa mwaka. Dodoma, kwa mfano, hutajwa kuwa na wastani wa milimita 550 hadi 600. Misimu miwili inaweza kufikia kiasi hicho hicho, mmoja ukajaza maghala na mwingine ukaacha watu wakitafuta chakula cha msaada. Tofauti ni siku: mvua ilianza lini, ilikatika kwa siku ngapi, iliondoka lini. Mahindi yakiwa katika kutoa mbelewele, ukavu wa wiki tatu mwezi Februari hauponyeshwi na mvua kubwa ya Machi, ingawa kwenye jumla ya mwaka milimita zote huhesabiwa sawa.

Siku hizo zinajulikana kwa sababu kuna mtu anayeziandika. Kila siku saa tatu asubuhi mwangalizi wa kituo hufungua kipimamvua, humimina maji yake kwenye chupa yenye alama, huinama hadi jicho lilingane na uso wa maji, kisha huandika. Milimita 1 ni lita 1 juu ya kila mita ya mraba, kwa hiyo kwenye ekari moja ni zaidi ya lita 4,000. Kama hakuna mvua huandika sifuri, na sifuri hiyo ina thamani sawa na namba yoyote, kwa kuwa mfululizo wa sifuri ndio ukame wenyewe. Siku ambayo hakusoma haipaswi kuandikwa sifuri kabisa. Hapo huachwa wazi, la sivyo miaka 30 baadaye mtu atapanga bwawa kwa ukame ambao haukutokea.

Ukiwa na miaka 30 ya kumbukumbu za namna hiyo, maswali hubadilika. Wataalamu huwa na kanuni ya kutambua mwanzo wa msimu, mfano milimita 20 ndani ya siku 3, zisifuatiwe na ukavu wa zaidi ya siku 10 katika mwezi unaofuata. Ukiipitisha kanuni hiyo kwenye kila mwaka, unapata jibu ambalo mkulima analihitaji: katika miaka 10, ni mingapi mvua ya kwanza ilidanganya? Ni mingapi msimu ulikuwa mrefu wa kutosha mbegu ya siku 120, na mingapi ulitosha ya siku 90 tu? Njia ya PICSA, iliyobuniwa Chuo Kikuu cha Reading nchini Uingereza na kutumika pia Tanzania na Rwanda, hufanya hivyo: afisa ugani huwawekea wakulima grafu ya mvua ya eneo lao, nao huhesabu wenyewe kabla ya kuchagua mbegu. Sioni heshima kubwa zaidi kwa mkulima kuliko kumpa hesabu hiyo mkononi badala ya kumwamuru apande nini.

Upande wa maji, Dar es Salaam ilionja uhaba Oktoba 2022. Mto Ruvu ulipungua, uzalishaji ukashuka kutoka lita milioni 466 kwa siku hadi karibu milioni 300, na mgao ukatangazwa. Utabiri wa vuli ulikuwa umekwisha kuonya kuhusu mvua pungufu, na La Nina, hali ya bahari ambayo mara nyingi hupunguza mvua hizo, ilikuwa katika mwaka wake wa tatu mfululizo. Bwawa la Kidunda, kwenye mto huo huo mkoani Morogoro, limesanifiwa kuhifadhi mita za ujazo milioni 190. Kwa hesabu ya juujuu, bila kutoa yanayokaushwa na jua wala yanayopaswa kuachiwa mto, hayo ni maji ya kiwango kile cha milioni 466 kwa zaidi ya mwaka mmoja. Lakini bwawa hujaribiwa na miaka mibaya inayofuatana. Wanaoamua lini lifunguliwe na lini lizuiwe watahitaji kujua miaka hiyo huja mara ngapi, na hilo halipatikani kwenye wastani.

Vituo havitoshi, ni kweli. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ni miongoni mwa taasisi zilizoingia mapema katika mpango wa ENACTS wa Chuo Kikuu cha Columbia, Marekani, unaochanganya vipimo vya vituo na makadirio ya satelaiti tangu miaka ya 1980, ili kila mraba wa kilomita chache uwe na historia yake ya mvua. Nchini Rwanda njia hiyo ilisaidia zaidi: vituo vingi vilinyamaza wakati wa mauaji ya kimbari ya 1994, na pengo likadumu takriban miaka 15. Hata hivyo satelaiti hukadiria mvua kwa kutazama mawingu, na makadirio hayo husahihishwa kwa vipimo vya ardhini. Kituo kikifa, ramani nzima hupungukiwa.

Ndiyo maana ningependa halmashauri zinapotenga fedha za trekta na visima zitenge pia za kipimamvua katika kila kata, pamoja na posho ya anayekisoma. Shule ya msingi inaweza kukitunza: kinahitaji uwanja usio na miti karibu, ukingo wa kipimamvua uwe sawasawa, na mwalimu mmoja asiyekosa saa tatu, Jumapili na sikukuu zikiwemo.