Nuru ya Krismasi Haitoki Kwenye Theluji

Kila ifikapo Desemba, maduka katika miji ya pwani yetu hupambwa kwa miti ya plastiki iliyobandikwa pamba nyeupe. Pamba hiyo, ati, ni theluji. Kadi za heri nazo huonyesha vibanda vilivyofunikwa barafu na mishumaa dirishani. Nje ya duka pepo za kaskazi zinavuma, jua linachoma, na mnunuzi anajipepea kwa gazeti. Wakati huohuo hoteli za Diani zimejaa wageni kutoka Ulaya waliolipa fedha nyingi ili waikimbie theluji yenyewe, ile ya kweli. Mgeni anakuja kulitafuta jua letu, nasi twaitafuta baridi yake katika pamba!

Sisemi hayo kwa ajili ya kuyabeza mapambo. Watoto huyafurahia, na furaha ya mtoto haihitaji kutetewa. Ninalouliza ni hili: Mkristo wa Jego, kijiji cha kusini mwa Kwale karibu na Vanga na mpaka wa Tanzania, akiambiwa kwamba Krismasi ni sikukuu ya nuru, aielewe nuru hiyo vipi?

Huko kaskazini ya dunia jibu li wazi. Mjini London, tarehe 25 Desemba, mchana haufiki saa nane kwa urefu. Mtu huenda kazini gizani na kurudi gizani. Hata Roma, ambako tunajua sikukuu hii iliadhimishwa tarehe hiyo mnamo mwaka 336, Desemba ni mwezi wa usiku mrefu. Mshumaa katika mazingira hayo unajieleza wenyewe. Jego, kinyume chake, mchana wa Desemba hupita saa kumi na mbili kwa dakika kadhaa. Hatuna giza la majira. Tena Injili haikutaja tarehe wala baridi, na ndugu zetu wa Kanisa la Ethiopia husherehekea tarehe 7 Januari bila ya kupungukiwa na chochote.

Basi tukiiondoa theluji, ni nini kinachosalia? Hebu tuanze na neno lenyewe. Kiswahili kina maneno mawili makuu hapa: mwanga, lenye asili ya Kibantu, na nuru, tulilolipata kutoka Kiarabu. Hayalingani kabisa. Mwanga ni wa taa, wa kurunzi, wa mwezi. Nuru yaweza kuwa ya hayo yote, lakini pia ni ya macho, ya uso na ya moyo. Mtu husifiwa kuwa ana uso wa nuru hata akiwa amekaa kivulini. Watafsiri wa Biblia ya Kiswahili iliyotoka mwaka 1952 walichagua nuru. Wale wa Biblia Habari Njema ya miaka ya 1990 wakapendelea mwanga. Kila upande ulikuwa na hoja zake.

Neno nuru lina historia inayopaswa kumgusa kila Mkristo wa pwani. Ni neno ambalo jirani yake Mwislamu analijua tangu chuoni, kwani sura ya 24 ya Kurani inaitwa An-Nur. Tena mmisionari Mjerumani Johann Ludwig Krapf alipoanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo mjini Mombasa mwaka 1844, mwaka uleule aliofiwa na mkewe na mtoto wao mchanga, aliyemsaidia katika lugha alikuwa Sheikh Ali, kadhi wa mji huo. Kwa hiyo Maandiko ya Kikristo yalipoanza kutiwa katika Kiswahili, mkono wa kadhi ulikuwamo. Anayedhani kwamba imani yake itang'aa zaidi kwa kumzimia jirani taa, haijui hata historia ya Biblia yake.

Wala hili si jambo la kitabuni tu. Mnamo Agosti 1997 wavamizi waliishambulia Likoni, kituo cha polisi kikachomwa, na watu wenye asili ya bara wakaandamwa huko na katika sehemu nyingine za Kwale. Wengi waliuawa, maelfu walizihama nyumba zao. Kanisa Katoliki la Likoni likageuka kambi ya waliokimbia. Vita vile havikuwa vya dini. Vilichochewa na siasa za mwaka wa uchaguzi na manung'uniko ya ardhi. Lakini tuitazame upya habari ya Krismasi kwa macho ya mama aliyelala sakafuni mwa kanisa lile na mwanawe. Ni habari ya wazazi walio safarini, wasiopata nafasi katika nyumba ya wageni, ambao mtoto wao alilazwa horini, na ambao baadaye walitorokea Misri kuusalimisha uhai wake. Mama yule hahitaji pamba ya theluji ili aelewe. Giza linalozungumzwa analijua, na nuru kwake ni mlango uliofunguliwa na mtu asiyelazimika kuufungua.

Nirudi kwenye neno mwanga, maana lugha yetu imeficha onyo humo. Mwanga, wingi wake mianga, ni kinyume cha giza. Lakini mwanga, wingi wake wanga, ni mchawi atembeaye usiku. Maneno hayo yanatamkwa sawasawa. Huyatofautishi mpaka usikie yanavyotumika katika sentensi. Ndivyo ilivyo kwa wahubiri wa siku hizi pia. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, ilianza kufukuliwa miili ambayo idadi yake ilipita 400, ya watu walioaminishwa kwamba kufunga hadi kufa ndiyo njia ya kumwona Kristo. Watoto walikuwa miongoni mwao. Nao waliambiwa kwamba wanaifuata nuru. Wahenga walisema, chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Nuru inayomtenga mtu na jamaa zake, ikamnyima mtoto shule, dawa na hatimaye chakula, hiyo ni ya wanga.

Kipimo basi ni rahisi, na Mkristo wa Jego anacho tayari. Anaishi katika eneo ambako Waislamu ndio wengi, na sauti ya kwanza aisikiayo alfajiri ni ya adhana. Sahani ya pilau aliyoletewa siku ya Idi hairudishi tupu. Mto Umba unapofurika na kuingia mashambani, haumuulizi mtu anasali wapi, na anayekwenda kumtoa mwenziwe majini haulizi pia. Taa haijimuliki yenyewe. Humulika kilicho karibu nayo.

Krismasi hii, msomaji, iache pamba mtini ikiwa watoto waipenda. Lakini atakapokuuliza mmoja wao nuru inayoimbwa kanisani iko wapi, usimwonyeshe dirisha la duka. Mpe sahani aipeleke kwa jirani.