Aliyelaghaiwa kwa Simu Tunduma, na Haki Yake Mbele ya Sheria

Mji wa Tunduma, ulio ukingoni mwa Tanzania katika mkoa wa Songwe, ambako Nakonde ya Zambia i ng'ambo ya mpaka unaovukwa kwa miguu, na ambako malori yaendayo Lusaka na Lubumbashi hujipanga kandokando ya barabara kuu yakingoja forodha, ni mji ambao riziki ya wakazi wake aghalabu hupita kwenye simu kabla ya kufika mkononi. Dereva aliyekwama foleni hutumiwa posho na tajiri wake aliye Dar es Salaam. Muuza mchele hulipwa na mnunuzi asiyemjua hata sura. Na mwenye kubadilisha kwacha kwa shilingi huwa na laini mbili, ya huku na ya kule. Mahali penye mzunguko wa namna hiyo mlaghai naye hakosi kazi.

Hila iliyoenea kuliko zote haina ufundi mkubwa. Ujumbe huingia kutoka namba ngeni, ukisema kwa sauti ya mtu mliyezoeana: "Ile hela nitumie kwenye namba hii, jina litakuja la fulani." Mtumaji hajui kama mpokeaji anadaiwa; ameusambaza kwa watu wengi, akitaraji kwamba miongoni mwao yupo mmoja ambaye asubuhi hiyo hiyo alikuwa akingoja maelekezo ya malipo. Wengine hujifanya baba mwenye nyumba adaiye kodi, na wengine wafanyakazi wa kampuni ya simu wanaotaka namba ya siri. Taarifa za Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, zimeutaja mara kwa mara mkoa jirani wa Rukwa, pamoja na Morogoro, miongoni mwa mikoa iliyoongoza kwa majaribio ya ulaghai huu.

Sheria ya Makosa ya Mtandao ilipitishwa na Bunge mwezi Aprili 2015 na kuanza kutumika tarehe 1 Septemba mwaka huo. Tangu hapo imesifika zaidi kwa kuwafikisha mahakamani walioandika maneno makali mitandaoni, hata raia wengi huidhani kuwa ni sheria ya kufunga midomo tu. Na si ajabu basi kwamba aliyeibiwa hakumbuki kuwa ilitungwa kwa ajili yake pia. Kifungu cha 12 kinamkabili mlaghai atumiaye kompyuta, na simu kwa mujibu wa sheria hiyo nayo ni kompyuta: faini isiyopungua shilingi milioni 20 au mara tatu ya manufaa aliyoyapata, au kifungo kisichopungua miaka 7, au vyote viwili.

Adhabu hiyo ni nzito, walakini faini huingia hazina ya serikali, wala mamantilie aliyepoteza mtaji wake haoni senti moja ndani yake. Fidia yake imo katika Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, inayompa hakimu hiari ya kumwamuru aliyetiwa hatiani amlipe aliyepata hasara. Kwa kuwa ni hiari, na kwa kuwa kesi ni baina ya Jamhuri na mshitakiwa ilhali mlalamikaji ni shahidi tu, aghalabu mlalamikaji hutoa ushahidi wake, akaenda zake, na hukumu ikasomwa pasipo mtu kuitaja hasara yake. Nionavyo mimi hapa ndipo ilipo dhulma ya pili. Yampasa amweleze mwendesha mashitaka mapema kwamba anataka fidia, ataje kiasi, na aoneshe uthibitisho. Njia ya madai nayo i wazi, na asiye na uwezo wa kumlipa wakili anaweza kuwaendea wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na sheria ya mwaka 2017.

Uthibitisho wenyewe ni ule ujumbe, ambao wengi huufuta kwa hasira au kwa aibu. Zamani ungeleta mabishano, maana Sheria ya Ushahidi ya mwaka 1967 haikuzijua mashine hizi. Ndipo Jaji Nsekela wa Divisheni ya Biashara, katika shauri namba 4 la mwaka 2000 baina ya Trust Bank na Le-Marsh Enterprises, alipokubali kumbukumbu za benki zilizotoka kwenye kompyuta. Leo Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 yakataza ushahidi kukataliwa kwa sababu tu ni wa kielektroniki, lakini yamtaka hakimu apime namna ulivyotunzwa. Kwa hiyo ujumbe ubaki ndani ya simu ile ile, pamoja na namba ya muamala, saa, na jina lililotokea.

Kabla ya yote hayo, hata hivyo, apigiwe mtoa huduma papo hapo, kwani fedha ambayo haijatolewa kwa wakala yaweza kuzuiwa. Iliyokwisha kutolewa ni kadhia nyingine. Kisha namba ya mlaghai itumwe 15040, na mtu aende kituoni akapewe RB, yaani namba ya kumbukumbu ya taarifa yake, maana polisi ndio wenye nguvu ya kuidai kampuni kumbukumbu zake. Jina litakalopatikana huenda likawa la bibi asiye na hatia, aliyebonyezwa kidole mara mbili siku ya kusajili laini. Ndiyo sababu ni hekima kila mtu apige *106# aone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chake.

Na laini ikiwa ya Zambia? Mahakama zetu zina mamlaka juu ya kosa lililomlenga mtu aliye Tanzania, popote alipo mkosaji. Kumpata ndiyo kazi, kwa maana askari wa Tunduma hawezi kuvuka kumkamata. Maombi ya msaada wa Zambia hupitia kwa Mwanasheria Mkuu chini ya sheria ya mwaka 1991 ya nchi kusaidiana katika mashauri ya jinai. Zambia nayo ilitunga sheria yake ya mtandao mwaka 2021, ikaibadilisha mwaka 2025, wala hakuna kinachomzuia aliyelaghaiwa, baada ya kupata RB yake huku, kuvuka akafungue malalamiko mengine Nakonde siku hiyo hiyo.