Eliya Chini ya Mretemu

Leo twataka kusema nanyi juu ya mzigo usioonekana kwa macho, nao ni mawazo yasiyokwisha. Mtu yuko kitandani, taa imezimwa, watoto wamelala, lakini yeye bado anahesabu: karo ya muhula ujao, deni la dukani, neno alilosema shemeji yake siku ya Jumapili. Ng'ombe hucheua usiku, na asubuhi hutoa maziwa. Sisi hucheua masumbufu, na kunapopambazuka hatuna kitu ila uchovu.

Tusidhani kwamba jambo hili huwapata tu watu wasio na imani. Tufungue Biblia zetu, kitabu cha kwanza cha Wafalme, mlango wa 19. Hapo twamwona Eliya. Mtu huyu alikuwa amesimama juu ya mlima Karmeli mbele ya manabii 450 wa Baali, akaomba, na moto ukashuka. Kisha mvua ikanyesha baada ya ukame mrefu. Lakini malkia Yezebeli alipomtumia habari kwamba atamwua, alikimbia mpaka Beer-sheba. Huko akamwacha mtumishi wake, akaingia jangwani peke yake mwendo wa siku nzima, akaketi chini ya mti wa mretemu, akamwomba Mungu amwondolee uhai.

Tuangalie basi jinsi Mungu alivyomtunza mtumishi wake.

Kwanza, hakumkemea. Wala hakumhubiria. Eliya alilala usingizi, na malaika akamgusa, akamwonyesha mkate uliookwa juu ya makaa na chombo cha maji. Alikula, akalala tena, akaamshwa mara ya pili, akala tena. Dawa ya kwanza ilikuwa usingizi na chakula. Ndugu zetu, huenda mtu anayelia kwamba amepoteza imani amepoteza usingizi wa wiki mbili. Mwili nao ni kazi ya mikono ya Mungu. Anayekesha kila usiku na kushinda na chai tupu asishangae moyo wake ukimlemea.

Pili, Mungu alimwacha aseme. Eliya alikwenda siku 40 mpaka mlima Horebu, na huko Bwana akamwuliza anafanya nini mahali pale. Akaeleza taabu yake. Ukapita upepo wa kupasua miamba, na tetemeko, na moto, na mwisho sauti ndogo ya utulivu. Akaulizwa tena swali lile lile. Linganisheni aya ya 10 na aya ya 14, nanyi mtaona kwamba alijibu kama alivyojibu mara ya kwanza. Mambo makubwa namna ile yamepita mbele yake, na maneno yake hayakubadilika! Hivyo ndivyo yalivyo mawazo ya fadhaa. Huzunguka kama ngamia wa kinu cha ufuta: mwendo ni wa kutwa, lakini hafiki popote.

Tena, maneno yenyewe hayakuwa kweli yote. Eliya alisema amebaki peke yake. Lakini mlango wa 18 watuambia kwamba Obadia, msimamizi wa nyumba ya mfalme, alikuwa amemweleza kwa kinywa chake jinsi alivyowaficha manabii 100 pangoni, hamsini hamsini, akawalisha. Eliya alikuwa na habari hiyo, ila hofu iliifunika. Naye Mungu akamjulisha kwamba wako watu 7,000 katika Israeli wasiompigia Baali magoti.

Tatu, Mungu alimpa kazi na mwenzake. Hakumfafanulia mambo yote ya kesho. Alimrudisha njiani awatie mafuta Hazaeli, Yehu na Elisha. Eliya akamkuta Elisha akilima kwa jozi 12 za ng'ombe, akamtupia vazi lake, na tangu hapo hakutembea tena peke yake.

Basi sisi tufanyeje usiku wa leo? Tutwae karatasi, tuandike yale yanayotusumbua. Kwa kila neno tuulize: Je, hili twalijua, au twaliogopa tu? Kama liko jambo moja tunaloweza kulifanya kesho, kama kwenda kumwona mwalimu mkuu juu ya karo, tuliandike na kulifanya. Yaliyopita ni maji yaliyomwagika, hayazoleki. Yaliyo nje ya uwezo wetu tumtajie Mungu kwa majina yake, pamoja na shukrani, kama Paulo alivyowafundisha Wafilipi katika mlango wa 4, naye akiwa kifungoni. Neno alilotumia hapo juu ya amani kuilinda mioyo ni neno la askari walindao mji. Maadui wanaweza kuwa nje bado, lakini mlangoni yuko mlinzi.

Nasi tumtafute mtu mmoja mwaminifu tumwambie. Ikiwa usingizi na chakula vimekataa kwa majuma, au ikiwa mtu anatamani kufa kama Eliya, asikae chini ya mretemu wake akingoja. Amwambie mtu leo hii, aende hospitali. Kwenda kwa daktari si kumkana Mungu. Mwezi wa Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba sheria ya kumwadhibu aliyejaribu kujiua inapingana na Katiba. Ikiwa mahakama imeona kwamba mtu wa namna hiyo anahitaji msaada na si jela, kanisa lisiwe la mwisho kumfungulia mlango. Tumpelekee mkate na maji kwanza. Mahubiri yatangoje.

Tuombe. Ee Bwana, uliyemlisha Eliya jangwani, uwaguse leo wote waliolala macho. Uwape usingizi, uwape mwenzao wa njiani, na uwaonyeshe hatua moja ya kesho. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.