Fulu Ndani ya Kioo

Tangu tangi la samaki liwekwe katika maabara ya bayolojia, sijapata nafasi ya kupumua kwa maswali. Fomu wani wanauliza kama samaki hulala. Fomu foo wanauliza wataliwa lini. Na juzi mwalimu mmoja, ambaye sitamtaja, alitaka kujua kwa nini tusifuge matumbawe ya rangi rangi kama yale ya kwenye runinga, badala ya "hivi visamaki vya kukaangia watoto". Basi mhariri amenipa kurasa hizi niyajibu yote kwa mkupuo mmoja.

Nianze na swali la mwalimu, kwa kuwa lina adabu kushinda lile la fomu foo.

Matumbawe si mawe wala si mimea. Ni wanyama wadogo wanaoishi kwa maelfu wakiwa wameshikana, na kila mmoja hujijengea nyumba ya chokaa. Ndani ya miili yao mna miani midogo mno inayotumia mwanga wa jua kutengeneza chakula na kumgawia mwenye nyumba. Ukivunja kitawi cha tumbawe na kukifunga kwenye jiwe safi, kitashika na kukua, vile vile kama kipande cha muhogo unachokichomeka shambani. Mwaka 1998 joto la bahari liliua matumbawe mengi sana kule Pwani, na leo vipande vya namna hiyo hupandikizwa chini ya maji, mathalani huko Mkwiro katika kisiwa cha Wasini, ili samaki warudi.

Wapo watu duniani wanaofanya hayo nyumbani katika matangi ya kioo. Lakini hebu tupige hesabu za Uriri. Maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi kwa kila lita, na si chumvi hii ya kupikia sukumawiki pekee, bali pia magnesi, kalisiamu na madini mengine chungu nzima. Taa zenye nguvu ziwake saa nane hadi kumi kila siku. Maji yazungushwe bila kukoma, na joto lisimame palepale, nyuzi 24 hadi 27. Stima ikipotea usiku kucha, manake kwetu hilo si jambo la ajabu, asubuhi unaweza kuamkia msiba. Isitoshe, biashara ya matumbawe kati ya nchi na nchi hudhibitiwa na mkataba wa CITES, kwa hivyo usidhani utakwenda Diani, uvunje tawi, utie mfukoni na kurudi nyumbani ukipiga mluzi.

Kwa nini basi tuazime bahari ya wenyewe, ilhali ziwa letu liko hapa Sori, safari ya asubuhi moja tu?

Na hivi visamaki anavyovidharau mwalimu si vya kudharauliwa. Sisi huwaita fulu, na ndugu zetu wa Tanzania huwaita furu. (Mbuta wetu kwao ni sangara, nayo omena ni dagaa. Wanachama wa Chama cha Kiswahili, andikeni hayo daftarini.) Ziwa Viktoria lilikauka, au karibu likauke lote, miaka 15,000 hivi iliyopita. Tangu lilipojaa tena, kumetokea humo zaidi ya aina 500 za fulu ambazo hazipatikani penginepo: wa kula konokono, wa kukwangua miani kwenye miamba, wa kula vifaranga vya wenzao. Wanasayansi huja kutoka ng'ambo kuwastaajabia. Jamii moja ya fulu wa miambani imepewa jina la kisayansi la Pundamilia, neno letu lenyewe la Kiswahili, na mmoja wao anaitwa Pundamilia nyererei kwa heshima ya Mwalimu Julius Nyerere.

Halafu akaja mbuta. Aliingizwa ziwani katika miaka ya 1950 ili kukuza uvuvi. Kwa muda mrefu alikaa kimya, kisha kuanzia mwisho wa miaka ya 1970 akazaana ajabu na kuwamaliza fulu. Kabla ya hapo fulu walikuwa takriban asilimia 80 ya uzito wa samaki wa sehemu za chini ziwani. Katikati ya miaka ya 1980 hawakufika hata asilimia moja. Mbuta hakuwa mkosaji peke yake. Mbolea, udongo na uchafu unaoteremka na mito, Mto Kuja ukiwamo, umelitia ziwa ukungu. Jike la fulu humchagua dume kwa rangi yake, na maji yakiwa ya tope haoni vizuri, akachukua dume wa aina nyingine. Hivyo aina mbili zinageuka moja. Mwaka 1997 watafiti walilieleza jambo hili baada ya kuwachunguza fulu kule Mwanza.

Ndipo kioo kinapoingia katika hadithi. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Leiden cha Uholanzi, waliokuwa wakifanya kazi Mwanza tangu 1977, walisafirisha fulu hai kwenda kwao. Wengine walipelekwa Marekani. Baadhi ya aina ambazo hazijaonekana tena ziwani zingali hai huko, ndani ya matangi. Yaani mjukuu wa Karungu akitaka kumwona samaki aliyevuliwa na babu yake, huenda ikambidi akate tikiti ya ndege. Mimi jambo hili liliniuma, na ndilo lililonifanya nimsumbue mwalimu wetu wa bayolojia mpaka akakubali.

Sasa aibu yangu. Tangi letu la kwanza liligeuka kaburi.

Tulikuwa na kioo chema, sentimita 90 kwa 40 kwa 40, yaani lita 144 likijaa pomoni. Mjomba wangu aliye mvuvi alituletea fulu kumi na watano ndani ya ndoo. Tukajaza maji siku hiyo hiyo, tukawatia wote, tukawamwagia chakula kama wageni wa harusi. Siku ya tatu walikuwa juu wanatweta. Siku ya tano walibaki wawili. Mjomba alipopata habari hakusema neno, alitikisa kichwa tu, na ningependelea anichape.

Kilichowaua ni uchafu wao wenyewe. Samaki hutoa amonia, na chakula kilichooza chini hutoa nyingine. Ziwani amonia hupotea katika maji mengi, lakini ndani ya kioo haina pa kwenda. Mungu amejalia kuwe na bakteria wanaoila amonia na kuigeuza kuwa naitriti, ambayo nayo ni sumu. Kisha bakteria wengine huigeuza naitriti kuwa naitreti, ambayo haina makali mengi, na mimea huifyonza kama mbolea. Tatizo ni kwamba katika tangi jipya hao bakteria hawapo. Huwachukua wiki nne hadi sita kuzaana juu ya changarawe na sifongo ya kuchujia. Haraka haraka haina baraka, na mimi niliujua msemo huo tangu darasa la tatu.

Mara ya pili tukatulia. Tuliosha mchanga mpaka maji yakatoka meupe, tukapanga mawe kuwa mapango, tukaweka sifongo inayosukumwa na pampu ndogo ya hewa. Maji ya mfereji tuliyaacha ndani ya ndoo wazi siku nzima ili klorini iruke. Kila siku tulitia chembe za omena iliyosagwa katika tangi lisilo na samaki, ili bakteria wapate riziki. Wenzangu walinicheka, eti nalisha maji. Mwalimu alinunua Nairobi vichupa vya kupimia, na tuliona amonia ikipanda, ikashuka, naitriti ikapanda, nayo ikashuka. Zote mbili zilipofika sufuri ndipo mjomba akaombwa tena. Safari hii tulichukua sita tu: dume mmoja na majike watano. Madume wawili katika tangi dogo ni vita vya kila siku. (Ukitaka kuwatoa ziwani mwenyewe, muulize kwanza afisa wa uvuvi.)

Anayetaka kujaribu nyumbani asikilize haya. Meza iwe imara, kwani lita 144 za maji ni kilo 144 kabla hujapima kioo na mawe. Silikoni ya kuungia iwe ile isiyotiwa dawa ya kuzuia ukungu, maana ile ya bafuni huua samaki, na uiache ikauke wiki nzima. Tangi lisikae penye jua kali. Kila wiki badilisha robo ya maji. Sifongo ioshwe katika maji yaliyotoka tangini, kamwe si ya mfereji, la sivyo klorini itawaua wale bakteria uliowangoja wiki sita. Chakula ni kidogo, kiishe kabla ya dakika mbili. Na wewe uliyetupia ugali Jumapili ile, nakujua.

Stima ikipotea pampu hunyamaza. Hapo huchukua mtu na kikombe: chota maji, yamwage kutoka juu, rudia kwa dakika chache kila baada ya nusu saa. Usiwalishe mpaka stima irudi. Kwa kuwa samaki wetu ni wachache, tumevuka hivyo usiku mbili nzima bila kupoteza hata mmoja.

Nimeliacha tamu la mwisho. Dume wa fulu ana madoa ya rangi ya chungwa kwenye pezi la chini, karibu na mkia, yanayofanana kabisa na mayai. Jike akishataga huyadaka mayai yake upesi kwa mdomo. Dume humwonyesha yale madoa, jike akadhani kuna mengine yamebaki, akasogea kuyadaka, na badala yake hupata mbegu za kiume. Mayai hurutubishwa humo humo mdomoni. Kisha hukaa nayo wiki mbili hadi tatu bila kula vizuri, taya limevimba kama mtu aliyeficha andazi. Vifaranga wakitoka huogelea karibu naye, na kivuli cha mtu kikipita hurudi mbio mdomoni. Nimeona walimu wawili wakisimama pale kipindi kizima wakisahau kengele, na mmoja wao alikuwa ni yule wa matumbawe.

Wa kwanza kuzaliwa walikuwa kumi na tisa, na kumi na mmoja wamekua. Hatutawarudisha mtoni wala bwawani. Samaki wa tangini huweza kubeba magonjwa, na hatujui wangechanganyika na nani huko. Wanahitaji tangi la pili, na vioo tunavyo, silikoni ndiyo hatuna. Kwa sasa majike wawili zaidi wana taya zilizovimba. Fomu foo, hapana, hawaliwi. Fomu wani, ndiyo, hulala, ila kwa macho wazi, kwa sababu hawana kope. Na zamu ya kikombe stima ikipotea muhula huu ni ya fomu tuu.