Kioo Kisichokuwa Kioo

Neno kioo limenitia aibu mbele ya wanafunzi wangu. Katika mhadhara mmoja kuhusu istilahi za sayansi, nilidai kwamba Kiswahili hakina haja ya kutenganisha kioo cha dirisha na kioo cha kujitazamia, maadamu muktadha humwelekeza msikilizaji. Mwanafunzi mmoja akaniuliza: kioo cha darubini kubwa ya kutazamia nyota ni kipi kati ya hivyo viwili? Nilibabaika. Nilipokwenda kuchunguza, nilitambua kwamba swali lake lilibeba siri nzima ya ufundi huo.

Katika darubini hiyo, si glasi inayoakisi mwanga. Unaoakisi ni utando wa alumini uliopakwa juu yake, mwembamba kuliko unywele mara mamia kadhaa. Kazi ya glasi ni kushikilia umbo tu. Basi ya nini kuifanya nzito? Glasi nene hupinda kwa uzito wake yenyewe, tena huhifadhi joto la mchana hadi usiku, na hewa iliyo juu yake ikatetemeka mithili ya ile tuionayo juu ya lami wakati wa jua kali. Nyota huonekana zimevurugika.

Wazo la kuipunguza uzito si geni. Mwaka 1934, kampuni ya Corning katika jimbo la New York, Marekani, ilimimina glasi ya darubini ya Palomar, yenye kipenyo cha mita 5, katika kalibu lenye vigingi vya kuacha mashimo upande wa nyuma. Mara ya kwanza baadhi ya vigingi viling'oka vikaelea juu ya uji huo wa moto, na kazi ikarudiwa mwaka huo huo.

Aliyelifikisha wazo hili mbali zaidi ni Roger Angel, mwanafalaki wa Chuo Kikuu cha Arizona. Karakana aliyoianzisha iko chini ya viti vya uwanja wa michezo wa chuo hicho, mahali ambapo mimi ningetarajia bohari ya mipira. Humo, kalibu hujazwa maboksi ya kauri yenye pembe sita, yaliyopangwa mfano wa sega la nyuki, kisha mabonge ya glasi huwekwa juu yake kwa mikono. Tanuri hupashwa moto hadi nyuzi 1165 za Selsiasi. Glasi huyeyuka, ikatiririka kama asali baina ya maboksi, ikawa kuta nyembamba zilizofunikwa kwa uso wenye unene wa sentimita tatu hivi.

Wakati huo tanuri lote linazunguka! Koroga chai kikombeni, msomaji, utaona katikati hubonyea na kingo hupanda. Kwa glasi za mita 8.4 za darubini ya LBT, iliyoko Arizona, mizunguko takriban saba kwa dakika ilitosha kuleta mbonyeo uliotakiwa, pasipo kuchimbua tani za glasi baadaye. Hufuata miezi mitatu hivi ya kuipoza polepole isije ikapasuka, kisha maboksi huvunjwavunjwa kwa maji ya nguvu. Kinachobaki kina uzito wa takriban sehemu moja kwa tano ya glasi isiyo na matundu, na matundu hayo hupulizwa hewa ili joto lake lilingane na la usiku. Mambo hayakwenda shwari daima: mwaka 1997, glasi ya kwanza ya LBT ilivuja ndani ya tanuri, ikabidi iongezwe nyingine na kuyeyushwa upya.

Usanifishaji wake wanishangaza zaidi. Lau uso huo ungetandazwa kutoka Mombasa hadi Kisumu, vilima vyake vya kawaida vingekuwa na kimo cha milimita mbili hivi. Darubini ya Rubin nchini Chile, iliyotoa picha zake za kwanza mwezi Juni 2025, inatumia glasi iliyotoka karakana hiyo hiyo.

Nimeiondoa kauli yangu mbele ya darasa lile. Walimu wanaoandika sayansi kwa Kiswahili, nawasihi waite glasi kile kilichoyeyushwa Arizona, na neno kioo waubakishie utando wa alumini. Utando huo huchakaa. Kila baada ya muda huoshwa kwa kemikali, ukapakwa mwingine, ilhali glasi hubaki ile ile.