Mwendo wa mgonjwa upimwe, usikadiriwe kwa macho

Mgonjwa wa kiharusi anaporudi kliniki, mara nyingi hupimwa mambo kadhaa kabla hajaonana na daktari. Hupimwa presha, hupimwa sukari, hupandishwa kwenye mizani, na kila namba huandikwa kwenye faili lake. Ikifika zamu ya miguu, vipimo hukoma na maswali huanza. Mzee, unatembeaje siku hizi? Naye hujibu kwamba hajambo, anaendelea vizuri, na kwenye faili huandikwa kwamba anatembea kwa fimbo. Mwezi unaofuata maneno ni yaleyale, na wa baada ya huo vilevile. Hivyo jambo ambalo yeye na jamaa zake hulihangaikia kuliko yote, yaani kama ataweza tena kwenda sokoni, msikitini, kanisani au shambani kwa miguu yake, ndilo linaloachwa bila kipimo. Naamini hilo ni kosa la kitabibu, na ni kosa linalorekebishika kwa gharama ndogo sana. Mwendo wa kila mgonjwa wa ubongo, uti wa mgongo au neva unapaswa kupimwa kwa namba, kuandikwa, na kulinganishwa na namba ya mahudhurio yaliyotangulia.

Sababu ya kwanza ni kwamba hatua moja tu ya mguu huhusisha karibu mfumo mzima wa fahamu. Ubongo huamua na kutuma amri. Ubongo mdogo, ulioko kisogoni, husawazisha mwili. Uti wa mgongo hupitisha amri hizo na kuratibu zamu za miguu. Neva za nyayo hurudisha habari za ardhi iliyokanyagwa. Pakiharibika popote katika njia hiyo, mwendo hubadilika, tena hubadilika kwa namna inayodokeza palipoharibika. Aliyepata kiharusi hukakamaa mguu wa upande mmoja, akawa anauzungusha kwa nje ili vidole visikwaruze chini. Mwenye ugonjwa wa Parkinson hupiga hatua fupi za kukokota, kiwiliwili kimeinama mbele, na mara nyingi mkono mmoja hauchezi tena anapotembea. Ambaye ubongo wake mdogo umeathirika hutanua miguu na kupepesuka. Mwenye kisukari kilichoharibu neva za miguu hutazama chini muda wote, kwa sababu nyayo zake hazimpi habari. Daktari James Parkinson wa London alipoueleza mwaka 1817 ugonjwa unaobeba jina lake, aliandika juu ya watu sita tu, na baadhi yao aliwaona barabarani. Kwa wagonjwa hao mkao na mwendo vilikuwa ushahidi wake mkubwa.

Kwa hiyo jicho la mtaalamu lina thamani, na sioni sababu ya kulidharau. Tatizo ni kwamba jicho hutambua sura ya mwendo kuliko linavyotambua mabadiliko yake. Daktari anayeona makumi ya wagonjwa kwa siku hawezi kukumbuka huyu alitembeaje wiki nane zilizopita, na jamaa anayeishi na mgonjwa hawezi kuona mabadiliko yanayokuja kidogo kidogo. Hapo ndipo kinapohitajika kipimo, na kinachotumika sana ni cha mita 10. Kwenye korido au uwanja tambarare hupimwa mita 14 kwa futikamba, kisha hubandikwa alama nne: mwanzo, mita ya 2, mita ya 12 na mwisho. Mgonjwa hutembea kwa mwendo wake wa kawaida kutoka alama ya kwanza hadi ya mwisho. Saa huanzishwa mguu wake unapovuka alama ya pili na husimamishwa unapovuka ya tatu. Zile mita 2 za kila upande ni za kushika kasi na kuipunguza, hazihesabiwi. Mita 10 zikigawanywa kwa sekunde alizotumia hutoa kasi yake. Aliyetumia sekunde 25 ana kasi ya mita 0.4 kwa sekunde. Aliyetumia sekunde 12 na nusu ana mita 0.8.

Namba hizo mbili si za kubahatisha. Mwaka 1995 Dk. Jacquelin Perry na wenzake wa California walizilinganisha na maisha halisi ya watu waliopata kiharusi. Wenye kasi iliyo chini ya mita 0.4 kwa sekunde kwa kawaida huishia ndani ya nyumba. Walio kati ya 0.4 na 0.8 hutoka, ila kwa mipaka, na waliozidi 0.8 huweza kuzunguka mitaani bila kizuizi kikubwa. Maana yake inaonekana wazi ukiipeleka barabarani. Barabara yenye upana wa mita 8 humchukua mwenye kasi ya mita 0.4 sekunde 20 kuivuka. Katika sekunde hizo 20, gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa husafiri zaidi ya mita 270. Mtu huyo akiandikiwa tu kwamba anatembea kwa fimbo, hakuna atakayejua kwamba kuvuka kwenda ng'ambo ya pili kununua mkate ni kuhatarisha maisha.

Namba hutusaidia pia kujua tiba ipi inafaa na ipi ni mbwembwe. Mwaka 2011 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti wa Marekani uliowahusisha watu 408 waliopata kiharusi. Baadhi yao walizoezwa kutembea juu ya mkanda wa mashine huku sehemu ya uzito wao ikibebwa na kamba; wengine walifanya mazoezi ya nguvu na ya kusimama imara nyumbani kwao, wakisimamiwa na mtaalamu wa fiziotherapia. Mafanikio yalipimwa kwa viwango vilevile vya mita 0.4 na 0.8 kwa sekunde. Ulipotimia mwaka mmoja tangu kiharusi, asilimia 52 ya washiriki wote walikuwa wamepanda daraja, na mashine haikuwa imeshinda mazoezi ya nyumbani. Kwa nchi ambazo mashine kama hizo ni chache, habari hiyo ni nzito kuliko inavyoonekana, na isingepatikana kwa kukadiria. Utafiti mwingine wa wagonjwa walio katika miezi ya mwanzo baada ya kiharusi ulionyesha kwamba ongezeko la takriban mita 0.16 kwa sekunde ndilo linaloendana na nafuu inayobadilisha maisha. Kwa aliyekuwa akitumia sekunde 25, hiyo ni kushuka hadi sekunde 18 hivi. Saa haiwezi kuukosa upungufu wa sekunde saba. Kumbukumbu ya mtu huukosa mara nyingi.

Wapo wanaopinga kwamba kasi haisemi mgonjwa anaumwa nini. Ni kweli. Watu wawili wanaweza kuwa na kasi moja, mmoja akiwa na kiharusi na mwingine Parkinson. Lakini presha nayo haisemi chanzo chake, na hatuachi kuipima. Kazi ya namba ni kumwongoza daktari katika uamuzi unaofuata. Chukua mfano wa wazee wanaojaa maji kwenye vyumba vya ubongo ilhali mgandamizo wake unaonekana wa kawaida. Hutembea kana kwamba nyayo zimenata sakafuni, mkojo huwaponyoka, na kumbukumbu hufifia, kiasi kwamba huweza kudhaniwa kuwa ni uzee tu. Madaktari huvuta mililita 30 hadi 50 za maji hayo kupitia sindano ya kiunoni, na kupima mwendo kabla na baada. Mwendo ukiboreka, kuna matumaini makubwa kwamba upasuaji wa kuweka mrija wa kupunguza maji utamsaidia. Usipoboreka, uchunguzi zaidi huhitajika kabla ya kukata tamaa. Kipimo cha dakika chache hushiriki kuamua kama mtu atapasuliwa. Vivyo hivyo, daktari anayemwandikia mgonjwa wa Parkinson dawa ya levodopa akimpima kabla ya kidonge na tena kinapofanya kazi, hupata jibu lililo imara kuliko swali la unajisikiaje.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba mbele ya daktari mgonjwa hujikaza. Mwenye Parkinson huenda akatembea vizuri kliniki, kisha akafika mlango wa nyumba yake na miguu ikaganda ghafla, wakati mwingine mpaka awekewe mstari sakafuni wa kuuruka ndipo hatua ianze. Aidha, maisha humtaka mtu atembee huku anazungumza au amebeba kitu. Mwaka 1997 watafiti wa Sweden waliandika katika jarida la Lancet habari za wazee 58 wa makazi ya kutunzia wazee: 12 kati yao walisimama walipoanzishiwa mazungumzo wakitembea, na 10 kati ya hao 12 walianguka ndani ya miezi sita. Ndiyo sababu vimebuniwa vihisi vidogo vya kuvaliwa kiunoni au kifundoni, vinavyorekodi mitikisiko na mizunguko ya mwili siku nzima, na kutoka humo kompyuta hukokotoa hatua, kasi na jinsi hatua zinavyotofautiana. Shirika la Dawa la Ulaya lilikubali mwaka 2019 kipimo cha aina hiyo kitumike kama kigezo cha ziada katika majaribio ya dawa za Duchenne, ugonjwa wa kurithi unaodhoofisha misuli hasa ya watoto wa kiume, na mwaka 2023 likakipandisha kuwa kigezo kikuu. Hata hivyo vihisi vina udhaifu wake. Vifaa vingi vya kuhesabu hatua vinavyouzwa madukani hukosea zaidi kadiri mtu anavyotembea polepole, na mgonjwa wa kukokota miguu ndiye anayepotezewa hatua nyingi. Pia kumbukumbu ya mienendo ya mtu nyumbani kwake ni siri yake, na sharti ilindwe kama siri nyingine za hospitali. Kwa hiyo vihisi vije kukamilisha kipimo cha saa na futikamba, visije vikawa kisingizio cha kutopima wakati vikisubiriwa.

Je, hayo yote ni anasa za nchi tajiri? Ushahidi wa kwetu Tanzania unakataa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulikuta, baada ya kurekebisha tofauti za umri, visa vipya vya kiharusi takriban 109 kwa mwaka kwa kila watu 100,000 wilayani Hai, Kilimanjaro, na takriban 316 jijini Dar es Salaam. Hukohuko Hai, watafiti waliopita nyumba kwa nyumba walikuta kwamba wengi wa wagonjwa wa Parkinson hawakuwahi kutambuliwa. Na kuna mfano wa konzo, ugonjwa wa kukakamaa miguu unaowapata watu wanaokula muhogo mchungu usioondolewa sumu vizuri huku protini ikiwa haba, uliozuka Tarime katikati ya miaka ya 1980. Shirika la Afya Duniani liliupanga mwaka 1996 kwa madaraja ya mwendo: anayetembea bila kushikilia kitu, anayetumia fimbo au magongo, na asiyeweza kutembea. Madaraja hayo hutumika hata kijijini pasipo umeme, na hilo lathibitisha kwamba kupima mwendo kunawezekana popote. Ila ni mapana mno. Aliyetoka sekunde 30 hadi 18 kwa juhudi za mazoezi huweza kubaki daraja lilelile, na juhudi zake hazionekani.

Linalobaki ni muda na umakini. Kipimo hiki huchukua chini ya dakika tano, na muuguzi au mhudumu wa afya ya jamii anaweza kufundishwa kukifanya. Masharti yake ni machache lakini hayana mzaha: mahali pawe palepale, viatu na fimbo viwe vilevile na viandikwe, mgonjwa wa Parkinson apimwe muda uleule tangu ameze dawa, na asiyesimama imara asindikizwe na mtu kando yake. Namba isitumiwe kumnyima mazoezi anayeendelea polepole. Ikisimama au ikirudi nyuma, hiyo ndiyo hoja ya kutafuta sababu na kumwongezea huduma. Hospitali za rufaa na za wilaya zinaweza kuanza kwa kubandika alama nne kwenye korido zao na kuongeza mstari mmoja kwenye kadi ya kliniki, chini ya ule wa presha. Nawe unayempeleka mzazi wako kliniki, uliza kasi yake ni ngapi leo na ilikuwa ngapi mara iliyopita. Pasipokuwa na jibu, omba apimwe kabla hamjaondoka, maana bila namba ya leo, mahudhurio yajayo hayatakuwa na cha kulinganisha.