Misumari Midogo, Hatari Kubwa

Tuonapo ndege ikipaa, twamsifu rubani. Ni mara chache tumkumbukapo fundi aliyekesha karakanani akiitengeneza. Lakini uhai wa abiria umo mikononi mwa wote wawili, na mambo yaliyotokea Uingereza mwaka 1990 yatuonyesha hayo waziwazi.

Usiku wa kuamkia tarehe 9 Juni, mjini Birmingham, msimamizi wa mafundi alibadili kioo cha mbele cha ndege ya British Airways. Zamu ile ilikuwa na watu wachache, basi akaifanya kazi mwenyewe. Kioo kile hushikwa kwa misumari ya hesi 90. Mtunza ghala alimtajia namba ya misumari iliyotakiwa. Lakini yeye aliuchukua msumari wa zamani, ambao wenyewe haukuwa wa kipimo halali, akatafuta mingine ya kufanana nao kwa kulinganisha kwa macho, penye mwanga hafifu. Misumari 84 aliyoitia ilikuwa myembamba kuliko ipasavyo, kwa tofauti isiyofika milimita moja.

Kesho yake, tarehe 10 Juni, ndege iliondoka na abiria 81 kwenda Málaga, Hispania. Ilipopita kimo cha mita 5,000, hewa iliyoshindiliwa ndani ilikisukuma kioo, kikang'oka. Rubani mkuu akavutwa nje hadi magotini! Mtumishi mmoja wa ndege akamkamata kiunoni, wenzake wakamsaidia kumshika, na rubani msaidizi akaiteremsha ndege Southampton. Wote walipona, hata rubani mkuu, ambaye wenzake walidhani amekwisha kufa.

Je, fundi yule alikuwa mvivu? La, alikuwa mzoefu na mwenye bidii. Uzoefu ndio uliomdanganya: aliyaamini macho yake kuliko kitabu. Tena kanuni hazikumtaka fundi wa pili aikague kazi ile. Hivyo kosa la mtu mmoja lilikosa wa kulizuia.

Enyi vijana mnaojifunza ufundi, shikeni neno hili. Kukosea hakuna aliyeepushwa nako, lakini kosa laweza kukamatwa mapema: kitabu kifunguliwe hata na ajuaye, kazi itazamwe na mwenzake, na mkaguliwa asione haya. Afadhali fundi aulizwe mara mbili ardhini kuliko abiria walie angani.